Seli Zinazokataa Kufa

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mshangano, Songea

Wewe unayesoma gazeti hili bila kuwa nasi darasani, vuta kiti, nawe umo.

Leo tunazungumza juu ya kifo. Msishtuke! Si kifo cha mtu, ni kifo cha seli, vile vijumba vidogo mnavyochora kwenye daftari la baiolojia. Nataka kuwaeleza ugonjwa unaoitwa lukemia sugu, yaani saratani ya damu inayokwenda polepole. Na nataka mwisho wa mazungumzo muweze kujibu swali moja ambalo limewasumbua wagonjwa wengi na ndugu zao: kwa nini mtu aliyekwisha kupona machoni pa watu, anayelima, anayecheza mpira, anayekula vizuri, aambiwe aendelee kumeza kidonge kila siku? Jibu lake linaanzia kwenye kufa kwa seli.

Tuanze hapo nje, kwenye miti. Mwezi wa nane na wa tisa miombo yetu ya Ruvuma hupukutisha majani. Wengi tunadhani jua limeyaua majani, basi yameanguka. Hebu fanyeni jaribio ambalo halina gharama. Vunja tawi lenye majani mabichi, liache linining'inie palepale mtini. Majani yake yatakauka, yatakuwa ya kahawia, lakini mengi hayataanguka. Yatang'ang'ania tawi kwa wiki nyingi. Sababu ni kwamba jani halianguki lenyewe, mti ndio unaliangusha. Kwanza mti hurudisha shinani chakula kilichomo ndani ya jani, halafu hutengeneza tabaka la seli dhaifu pale kikonyo kinaposhikana na tawi, ndipo upepo unamalizia. Tawi lililovunjika limekufa kabla ya kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo kupukutisha ni kazi ya mti ulio hai na wenye afya.

Mwaka 1972 wataalamu watatu, John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikuwa wanatafuta jina la aina moja ya kifo cha seli waliyokuwa wakiiona kwenye hadubini. Walikuwa Chuo Kikuu cha Aberdeen, kule Uskoti. Profesa wa Kigiriki wa chuo hicho, James Cormack, akawapa neno la Kigiriki la kuanguka kwa majani ya mti: apoptosisi. Sisi tayari tunalo neno letu, kupukutika, na mimi nitalitumia hilo leo maana linaeleza vizuri kuliko lile gumu.

Seli ikiungua na moto au ikimwagikiwa na sumu, hupasuka ovyo. Yaliyomo ndani humwagika, majirani wanaumia, mahali panavimba na kuuma. Seli inayopukutika haifanyi fujo hiyo. Hujikunja, hujikata yenyewe vipande vidogo vilivyofungwa vizuri kama vifurushi vya karanga, halafu seli nyingine zenye kazi ya kula taka huvimeza. Hakuna usaha, hakuna homa, na wewe mwenyewe husikii chochote. Wakati huu unaponisikiliza, mamilioni ya seli zako yanaondoka kwa njia hiyo.

Tazama vidole vyako. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, mkono wako ulianza kama kasia, vidole vimeungana. Seli za katikati zikapukutika, vidole vikaachana. Kiluwiluwi naye anapogeuka kuwa chura hupoteza mkia wake kwa njia hiyohiyo. Ni kifo kilichopangwa tangu mwanzo, na bila hicho hakuna mwili unaokaa sawa.

Sasa twende kwenye damu. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ule mnono mnaoufyonza kwenye mfupa wa supu. Mtu mzima hutengeneza seli nyekundu takriban bilioni 200 kwa siku moja. Narudia, kwa siku moja! Nazo seli nyeupe, askari wetu dhidi ya magonjwa, hutengenezwa kwa mabilioni. Seli nyekundu huishi kama siku 120. Seli nyeupe nyingi za kupigana na bakteria huishi siku chache tu. Kama kila siku yanaingia mabilioni, ni lazima kila siku yatoke mabilioni, la sivyo mtu angejaa damu kama gunia la mahindi lililoshindiliwa.

Fikiria shule ambayo kila mwaka inapokea Kidato cha Kwanza, lakini Kidato cha Nne wakimaliza mtihani wanagoma kuondoka. Mwaka wa kwanza mtabanana kwenye madawati. Mwaka wa tatu watu wanalala chini bwenini. Hao waliogoma hawasomi tena, hawafundishi, hawalimi shamba la shule, lakini maharage wanakula. Na wale wadogo wanaotakiwa kuingia hawana nafasi. Hiyo shule haikuharibika kwa sababu ya kupokea wanafunzi wengi kupita kiasi. Imeharibika kwa sababu watu hawatoki. Shikilieni mfano huo, maana lukemia sugu kwa sehemu kubwa ndiyo hiyo.

Je, seli inajuaje kwamba siku yake imefika?

Seli ya damu huishi kwa ruhusa. Majirani zake huiletea ujumbe wa kikemikali ambao kwa lugha ya kawaida unasema: "Ishi, bado tunakuhitaji." Ujumbe ukikoma, seli haisubiri kufukuzwa. Ndani yake mna protini za ukoo mmoja, ukoo wa BCL-2, na ndugu hao hawapatani. Baadhi ni walinzi, mmojawao ndiye BCL-2 mwenyewe, na mwingine anaitwa BCL-XL. Wengine ni watoboaji. Wengine ni wajumbe wa kifo, kama yule anayeitwa BIM. Wote wanagombania mitokondria.

Mitokondria mnaifahamu kama jiko la seli, inakotengenezwa nguvu. Ndivyo mnavyoandika kwenye mtihani na mnapata alama zenu. Lakini jiko hilo lina kazi ya pili. Ndani yake imehifadhiwa protini inayoitwa saitokromu c. Ikibaki ndani, husaidia kutengeneza nguvu. Ikivuja nje, huamsha vimeng'enya vinavyoitwa kaspesi, ambavyo ni mikasi mitupu. Kaspesi zikiamka hukata kila kitu, na seli inakwisha ndani ya saa chache. Kwa hiyo maisha ya seli yanategemea nani ameshinda pale kwenye ukuta wa mitokondria, mlinzi au mtoboaji.

Ninawaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndipo ugonjwa unapoingia.

Jina lukemia ni la zamani. Mwaka 1845 John Hughes Bennett wa Edinburgh na Rudolf Virchow wa Berlin, kila mmoja kivyake, walieleza maiti zenye damu iliyobadilika rangi kwa kujaa seli nyeupe. Virchow ndiye aliyeupa ugonjwa jina linalomaanisha damu nyeupe. Ziko lukemia za ghafla, ambazo humwangusha mtu ndani ya wiki, na hizo huwapata sana watoto. Leo sizungumzii hizo. Nazungumzia sugu, ambazo mtu anaweza kutembea nazo miezi au miaka bila kujua. Ziko mbili kubwa, na kila moja ina ujanja wake wa kukwepa kufa.

Ya kwanza madaktari huiita kwa herufi tatu, CML. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia, Marekani, waliona kwenye seli za wagonjwa hao kromosomu moja fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 mama mmoja daktari wa Chicago, Janet Rowley, aligundua ile ncha iliyopotea imekwenda wapi. Alikuwa akikata picha za kromosomu na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake. Akaona kwamba kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. (Wale mnaosema sayansi inahitaji maabara ya mamilioni, mkumbukeni mama huyo na mkasi wake.)

Kubadilishana huko kunaunganisha jeni mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wowote, na muungano huo unatoa protini mpya inayoitwa BCR-ABL. Protini hiyo ni kama swichi iliyokwama kwenye kuwaka. Inaipigia seli kelele mchana na usiku: "Ishi, ishi, ishi!" Majirani wakinyamaza, haijali. Mlinzi BCL-XL anaongezeka. Mjumbe BIM ananyamazishwa. Mitokondria haitobolewi, kaspesi zimelala. Msinielewe vibaya, seli hizi pia huzaana kupita kawaida. Lakini kuzaana peke yake kungeweza kufidiwa kama seli zingekuwa zinaondoka kwa wakati wake. Zinazaliwa nyingi na hazitoki.

Mtu mzima mwenye afya ana seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Mgonjwa wa CML anaweza kukutwa na zaidi ya 100,000.

Ya pili huitwa CLL, na huwapata zaidi wazee. Hapa hakuna BCR-ABL. Hapa mlinzi BCL-2 mwenyewe ameongezeka mno ndani ya seli aina ya limfositi. Kazi ya mlinzi huyu ilijulikana mwaka 1988 huko Melbourne, Australia. David Vaux na wenzake walichukua seli za damu zinazotegemea ujumbe wa "ishi", wakaziwekea jeni ya BCL-2, halafu wakauondoa ujumbe. Kwa kawaida seli hizo zingekufa. Hazikufa! Na jambo la ajabu ni kwamba hazikuzaana pia. Zilikaa tu, hai, zimegoma. Mpaka hapo watu wengi walifikiri saratani ni seli kuzaana kwa kasi na basi. Jaribio lile lilionyesha kwamba kukataa kufa nako ni nusu ya ugonjwa.

Kuna kipindi vitabu viliandika kwamba seli za CLL hazizaani kabisa, zinajilundika tu. Hilo limerekebishwa. Mwaka 2005 watafiti waliwapa wagonjwa maji yenye haidrojeni nzito wanywe, ili seli mpya zipate alama. Wakakuta seli mpya zinazaliwa kila siku, chache kwa asilimia, lakini zinazaliwa. Kama kitabu chenu cha zamani kinasema vinginevyo, andikeni pembeni kwa penseli.

Bandama

Sasa nitoke Melbourne nirudi hapa Mshangano, kwa sababu hapa ndipo mnapoweza kuokoa mtu.

Seli zilizogoma kufa zinajaa kwenye uboho, halafu kwenye damu, halafu kwenye bandama, kiungo kilichopo tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu. Bandama la mgonjwa wa CML linaweza kuvimba hadi lifike kitovuni. Mgonjwa anasema anashiba upesi, tonge mbili tatu tumbo limejaa. Anapungua uzito. Anatoka jasho usiku hadi shuka linalowa. Anachoka kwa sababu seli nyekundu zimekosa nafasi ya kutengenezwa, mnakumbuka ile shule.

Kwetu mtu mwenye tumbo kubwa upande wa kushoto anaambiwa nini? "Ana bandama." Halafu anatafutwa mtu wa kumchanja chale tumboni, au anachemshiwa mizizi. Sitaki kuwacheka wazee wetu. Bandama linavimba kwa magonjwa mengi, na malaria ya kurudiarudia ni moja ya sababu kubwa, kwa hiyo mtu anayefikiria malaria kwanza hajakosea. Kichocho cha tumboni nacho huvimbisha bandama. Lakini chale haifiki kwenye uboho. Inachofanya ni kufungua ngozi ya mtu ambaye damu yake pengine haigandi vizuri na ambaye kinga yake si ya kutegemea. Wembe ukiwa umetumika kwa wengine, mnajua wenyewe habari za virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Ninachowaomba ni hiki. Kama nyumbani kuna mtu ana uvimbe huo, amepimwa malaria hana, au ametibiwa malaria mara mbili na tumbo liko palepale, mwambieni mjomba au mama mkubwa kwa heshima: twende hospitali akapimwe FBP. Ni kipimo cha kuhesabu seli za damu, ni damu kidogo tu kutoka mkononi. Hakisemi moja kwa moja kwamba hii ni lukemia, lakini hesabu ikitoka 100,000 hakuna daktari atakayeiacha. Hospitali ya mkoa hapa Songea wanapima, na Peramiho wanapima. Kuthibitisha kwamba ni CML kunahitaji kuitafuta ile BCR-ABL yenyewe, na kwa kazi hiyo mgonjwa au damu yake husafirishwa kwenda kwenye hospitali kubwa.

Na kabla hamjauliza: haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kula naye, kulala chumba kimoja wala kwa tendo la ndoa. Mzazi mwenye CML hamrithishi mtoto, maana kosa lilitokea kwenye seli moja ya uboho wake akiwa tayari amezaliwa. Mionzi mikali huongeza hatari, ndivyo ilivyoonekana kwa watu walionusurika na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945. Lakini wagonjwa wengi hawakuwahi kukutana na mionzi ya aina hiyo. Kosa limetokea tu. Hakuna aliyewaroga. Watu hupenda kutafuta jirani wa kumlaumu, na jirani huyo mara nyingi ni bibi kizee ambaye hana wa kumtetea.

Kidonge

Zamani CML ilikuwa hukumu. Mgonjwa alikaa kwenye hatua ya polepole miaka mitatu, minne, mitano hivi, halafu ugonjwa ukageuka kuwa mkali na kummaliza. Dawa nyingi zilizokuwepo zilipunguza hesabu ya seli tu.

Kisha ikaja imatinibu. Daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, pamoja na mwanakemia Nicholas Lydon na wenzake, walitengeneza dawa inayoingia kwenye swichi ya BCR-ABL na kuiziba. Majaribio kwa watu yalianza mwaka 1998. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2001, kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, hesabu ya damu ilirudi kuwa ya kawaida kwa 53. Mwaka huohuo Marekani iliiruhusu kwa jina la Gleevec, ambalo kwingineko huandikwa Glivec. Katika utafiti mkubwa uliofuata, zaidi ya asilimia 80 ya walioanza na dawa hii walikuwa hai baada ya miaka kumi.

Sasa angalieni inavyofanya kazi, maana hapa ndipo pana utamu. Imatinibu si sumu ya kuua seli. Inaziba mdomo ule unaopiga kelele "ishi, ishi". Kelele ikinyamaza, seli inasikia ukimya ambao ilitakiwa iusikie tangu zamani. BIM anapanda, mlinzi anashindwa, mitokondria inatobolewa, kaspesi zinaamka, seli inapukutika yenyewe, kistaarabu. Seli zako nzuri hazitegemei BCR-ABL, ndiyo maana hazifi pamoja nazo. Mgonjwa hanyonyoki nywele kama wengi wanavyoogopa wanaposikia neno saratani. Kope zinaweza kuvimba, misuli ikakaza, tumbo likachafuka. Hayo yanazungumzika na daktari.

Kama kidonge kinaziba mdomo, kelele inarudi lini? Kidonge kinapokwisha mwilini. Imatinibu hupungua kwa nusu katika damu ndani ya saa 18 hivi. Ndiyo maana ni kila siku.

Halafu kuna jambo la pili, baya zaidi. Ndani kabisa ya uboho wako mna seli mama, zile zinazozaa nyingine. Baadhi ya seli mama zenye kosa hulala, na zikilala haziitegemei sana ile kelele ili ziishi. Kidonge kinaziba mdomo wao, nazo zinaendelea kulala. Mgonjwa hesabu yake ni nzuri, bandama limerudi mahali pake, anabeba debe la maji kichwani, lakini mbegu zipo. Akiacha dawa, zinaamka na kuzaa watoto waliogoma kufa, kama zamani.

Mnaufahamu mfano wa ARV. Virusi vya UKIMWI hujificha ndani ya seli zilizolala, mtu akiacha dawa vinarudi. Ni magonjwa mawili tofauti kabisa, tena kwa upande mmoja ni kinyume: katika UKIMWI seli za kinga zinakufa mno, katika lukemia sugu zinakataa kufa. Ila sheria ya kidonge ni ileile.

Mwaka 2010 madaktari wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wa CML ambao chupa zao za dawa ziliwekewa kifuniko chenye kumbukumbu ya kila mara kilipofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, karibu wote walifikia lengo la madaktari la kushusha BCR-ABL. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, waliofikia lengo hawakuzidi watu watatu katika kila kumi. Pigeni hesabu. Mwezi una siku 30. Asilimia 90 ni vidonge 27. Kwa hiyo vidonge vitatu kwa mwezi, vile vya "aah, leo nimesahau", ndivyo vilivyowatenganisha. Mimi utafiti huo ulinishtua kuliko wowote niliousoma juu ya ugonjwa huu.

Je, hakuna anayeweza kuacha? Wapo. Ufaransa, mwaka huohuo wa 2010, walitangaza jaribio la kuwaachisha dawa watu 100 ambao kwa miaka miwili vipimo vya hali ya juu havikuona BCR-ABL hata chembe. Zaidi ya nusu ugonjwa uliwarudia, wengi ndani ya miezi 6. Walirudishiwa dawa, ikawasaidia tena. Lakini hao walikuwa wakipimwa mara kwa mara kwa kipimo maalumu. Kuacha kwa sababu "najisikia safi" ni jambo jingine, kwa sababu ugonjwa unarudi kimya, na safari hii seli zinaweza kuja na swichi iliyobadilika umbo, kidonge kisiingie.

Sasa, nauli. Siwezi kuzungumza na watu wa Songea nikakwepa nauli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Novartis, kwa kushirikiana na The Max Foundation, ilianza mpango wa kutoa Glivec bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo. Kwa Tanzania wagonjwa waliifuata Taasisi ya Saratani Ocean Road, ile hospitali ya zamani ya Wajerumani inayotazama bahari, Dar es Salaam. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 900: Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, unashuka miguu imevimba. Hospitali za kanda zenye huduma za saratani kama Bugando na KCMC kwetu ziko mbali vilevile. Dawa bure si bure ukiongeza basi, chakula na pa kulala, na mahindi yanayosubiri kupaliliwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka imatinibu kwenye orodha ya dawa muhimu, na siku hizi zipo zinazotengenezwa na viwanda vingine kwa bei ya chini, lakini safari bado ni safari. Mgonjwa anayeacha dawa mara nyingi si mkaidi. Amekosa nauli, na ameona aibu kuomba tena kwa shemeji yuleyule. Familia zinazoweza mambo haya ni zile zinazoweka hela ya safari ijayo pembeni siku ileile mgonjwa anaporudi, na kumtuma aondoke vidonge vikiwa vimebaki vya wiki mbili. Hapo basi likiharibika njiani au mvua ikikata barabara, dawa haijakatika.

Kwa wagonjwa wa CLL nako kuna dawa, venetoklaksi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Yenyewe inamshika mlinzi BCL-2 mikono. Ni ghali, na kwetu ni wachache sana wanaoifikia, lakini kisa chake kinafundisha. Katika majaribio ya mwanzo seli nyingi mno zilikufa kwa mara moja, uchafu wake ukazidi uwezo wa figo, potasiamu ikapanda kwenye damu, na wapo wagonjwa waliofariki kwa ajili hiyo. Kwa hiyo sasa wanaanza na miligramu 20 na kupanda kila wiki, mpaka wafike 400 wiki ya tano. Hata kifo kizuri kina mwendo wake.

Nimalizie na maswali matatu mliyoniandikia kwenye vikaratasi.

"Je, msichana mwenye CML anaweza kuzaa?" Anaweza, lakini imatinibu inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, na wakati anameza dawa atumie njia ya uzazi wa mpango. Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa kimyakimya kwa hofu, aende hospitali haraka.

"Kwa nini wasiziue hizo seli zilizolala?" Swali zuri, na aliyeuliza aende akasome udaktari. Watafiti wanajaribu, wengine kwa kuunganisha imatinibu au ndugu zake na ile dawa ya kumshika BCL-2, kwa sababu seli zilizolala zinamtegemea sana mlinzi huyo. Kwa sasa hayo ni majaribio.

"Mtu akisahau kidonge cha jana, leo ameze viwili?" Hapana. Anameza dozi ya leo kwa saa yake ya kawaida, basi. Na ameze wakati wa kula, pamoja na glasi kubwa ya maji, maana dawa hii inachokoza tumbo.